Macho ya Waliobaki Nje

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa sikukubali kunyonya mpaka nilipomkazia macho kwanza, kuhakikisha kama ni yeye. Sikatai. Nyumbani kwetu, mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, kushuku kulihesabiwa kuwa akili. Baba alikuwa fundi cherehani. Kila kitambaa alicholetewa alikinusa, akakivuta, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, kisha akamuuliza mwenyewe amekitoa wapi. Nilikua nikiona hivyo, nikadhani ndivyo watu wote wanavyopokea vitu.

Walionijua kwa redio hawaijui tabia yangu hii. Wanaijua sauti tu. Wakiniuliza nilianzaje kutangaza ndondi, huwajibu kwamba nilianzia kwenye hangari ya kahawa, halafu nageuza mazungumzo. Sasa nimezeeka na sina wa kumwogopa, kwa hiyo nitasimulia hangari yenyewe.

Ilikuwa jengo la mabati karibu na gati la ziwani. Miaka ile ya hamsini, kahawa ikishapakiwa melini hangari ilibaki tupu, na kamati ya michezo ikafunga humo ulingo wa kamba. Ndondi zilipigwa Jumapili saa tisa, watu wakishatoka misa na kula. Ndani waliingia Wazungu na wake zao, makarani wenye kadi za ruhusa, na wafanyabiashara wachache waliojulikana. Waliosalia, yaani mji mzima, walibaki nje wakitazama bati.

Ndipo kamati iliponikumbuka mimi. Nilikuwa nimeshapata jina la mdomo. Gari la sinema lilipokuja, mkanda ulikuwa na desturi ya kukatika katikati, nami nilisimama nikawamalizia watu hadithi kadiri nilivyoshuku itakwisha. Mara nyingi nilipatia, maana nilimshuku kila aliyecheka sana. Basi kamati ikanipa maikrofoni, ikanipa sanduku la sabuni la kusimamia dirishani, na nje ikafunga vipaza sauti viwili juu ya nguzo za mikaratusi. Kazi yangu ilikuwa kutazama ndani na kusema nje.

Watu wa nje walikuwa na namna yao ambayo sijaiona mahali pengine. Waliipa hangari mgongo, wakaketi kwa mafungu kuzunguka nguzo, na kila fungu liliwasimamisha watu wawili katikati. Nikisema konde la kushoto, mmoja alirusha la kushoto, polepole. Nikisema mwenzake ameinama, mwenzake aliinama. Walikuwa na mabondia wao wa vumbini, jozi tatu au nne, na wote walipigana kwa mdomo wangu. Nilipokuwa nikigeuka kuvuta pumzi niliwaona wamesimama mikono juu, hawasogei, wanangoja niwape ngumi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nakiri kwamba jambo lile lilinilevya kuliko pombe.

Pembeni yangu alikaa karani mmoja aliyetumwa na ofisi ya Wazungu. Mikusanyiko haikupendwa, na Wazungu waliona hatari kuacha Kiswahili cha mbio namna ile kipite bila mtu wa kukisikiliza. Kila watu wa nje walipocheka, karani aliandika. Nilimshuku naye akanishuku, na kila Jumapili tulikula karanga kutoka karatasi moja.

Bondia wetu aliyependwa kuliko wote alitoka Nyamyumba. Siku za kazi alikuwa mpakizi wa gatini, mmoja wa wale waliobeba magunia kichwani wakipita juu ya ubao kutoka nchi kavu hadi melini. Alikuwa mpana, mpole, mwenye shingo ya ng'ombe dume, na alishinda kwa uvumilivu zaidi ya ufundi. Wanawake wauza samaki walimwita mume wao wa pamoja, na mama yake, ambaye naye aliuza samaki, aliwacheka akisema waanze basi kumfulia.

Mwaka ule nilianza kuona dalili. Kwanza, aliacha kuwatazama watu usoni. Ukimsalimia alizungusha shingo yote kwanza, kama mtu anayetafuta la kusema. Kuna siku ulimpita karibu kabisa asikujibu, na kuna siku alikuona kutoka mbali. Pili, kwenye chai alichagua kiti cha kona, bega la kushoto ukutani, na kona ikikosekana, mtu akitaka kukaa upande ule alihama. Tatu, na hili ndilo lililonikosesha raha, Alhamisi mbili mfululizo nilimwona kwenye kizuizi kidogo cha mpakani cha kuvukia Goma, akirudi na mtu aliyemshika kiwiko, vichwa vimekaribiana. Mtu yule nilimjua. Alikuwa kaka wa makanika mmoja wa Goma, na makanika huyo ndiye bondia ambaye wetu alikuwa apigane naye wiki tatu baadaye.

Nikamuuliza Alhamisi ile ya pili, kwa upole wa uongo, "Ndugu, ulikuwa Goma?"

"Hapana," akasema. "Mi nilikuwa huku tu."

Dalili ya mvua ni mawingu. Sikumwambia mtu, lakini nilikunja uso nikangoja Jumapili ya pambano.

Jumapili ile watu walikuwa wengi hata wengine walipanda juu ya kuta za bohari ya jirani. Ndani alikuwepo mgeni pia, Mzungu aliyetoka kusini mwa ziwa na mashine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili yanayozunguka. Alikuja kunasa nyimbo za wapiga makasia, na kwa kuwa mvua ilikuwa imewazuia wapiga makasia, akaja kuninasa mimi. Aliniwekea maikrofoni yake kando ya ile ya kamati. Karani aliitazama mashine ile kwa wivu, maana iliandika kila kitu bila kuchoka.

Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, makanika akaanza kuzunguka upande mmoja tu, daima upande mmoja, akirusha mkono wa kulia. Haikuwa ngumi ya kutisha. Ilitoka mbali, polepole, ikapinda njiani, ngumi ambayo hata bibi harusi mwenye shela angeiona. Na wetu hakuinua glovu. Ikampata. Ikarudi, ikampata tena palepale. Nilitazama miguu yake, maana mtangazaji hutazama miguu, nikaona haina hofu wala haijiandai. Imetulia. Mtu anayeona ngumi inakuja na miguu yake imetulia, huyo amekubali.

Raundi ya tatu akaanguka. Hapo ndipo nilipotoa ya moyoni.

"Amelala," nikasema. "Ndugu zangu mlio nje, sikusema amepigwa, nimesema amelala. Ngumi ameiona tangu ilipotoka Goma, akaiacha ije. Mimi nina macho. Hii imepangwa, na imepangwa ng'ambo. Alhamisi ilipangwa."

Halafu nikageuka, nikawaona mabondia wa vumbini. Waliokuwa wakiigiza wetu hawakujua waanguke vipi, maana nilikuwa nimewapa anguko jipya. Mmoja wao, mchekeshaji wa soko, akajilaza taratibu, akaweka viganja viwili chini ya shavu, akajifunika shati. Watu wakacheka mpaka karani akashindwa kuandika. Kabla bondia wetu hajafunguliwa glovu, nje alikuwa ameshapewa jina. Walimwita Kitanda.

Alipotoka, walimpigia makofi ya kubembelezea mtoto. Wauza samaki, wale wake zake, walimgeuzia migongo. Alipita katikati yao akizungusha shingo huku na huku kutafuta njia, nami juu ya sanduku langu nikasema moyoni, tazama anavyoona haya. Nilifurahi, sitaficha. Mtu wa kushuku hafurahi sana maishani, lakini siku anayopatia, anafurahi kwa miaka yote.

Kamati ilitaka uthibitisho kabla ya kumfungia, na mimi nikajitolea kuuleta. Niliamini kuwa makanika na kaka yake watakwenda kwake kumshukuru, na nilitaka kuwaona kwa macho yangu. Jumamosi iliyofuata nikatembea hadi Nyamyumba kwa njia ya ufukweni. Niliulizia, nikaelekezwa kwenye chemchemi za maji ya moto, mahali ambapo watu wa pale hupeleka viungo vyao vinavyouma.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe na mama yake. Mama alikuwa akichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akikikamua na kumwekea mwanawe kwenye jicho la kushoto. Hapakuwa na mtu wa Goma. Nilinyemelea kwa upande ule wa kushoto nisikie wanaongea nini, nikafika hatua tatu kutoka kwake, kisha mbili. Mvuke ulikuwa mwembamba. Mama alikuwa ameinamia maji, na yeye alikuwa amefumbua macho yote mawili, kitambaa kimeondolewa, akiendelea kumsimulia habari za bei ya mihogo. Niliinua mkono nikaupunga mbele ya lile jicho. Aliendelea kusimulia.

Mama yake ndiye aliyeinua kichwa akaniona, mkono wangu ungali hewani.

"We njo ule mutu wa maikro?" akaniuliza. "Unapima nini tena? Si uliisha kumupima Jumapili?"

Bondia akaruka, akazungusha shingo yote, akanitafuta mpaka jicho la kulia liliponipata. Sikuhitaji kuambiwa. Shingo, kiti cha kona, salamu zilizopotea, miguu iliyotulia, vyote vilinirudia kwa pamoja. Miguu haikuwa na hofu kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba ngumi inakuja.

Nilikaa chini kwenye matope. Aliniambia bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Mwaka uliopita waya wa kufungia mizigo ulikatika gatini ukampiga jichoni. Alimwambia kapita, msimamizi wa wapakizi, kwamba ni mavumbi. Kaka wa makanika alikuwa mhudumu katika hospitali ya Goma, akamchukua kwa siri kwa daktari wa huko ili habari zisifike Gisenyi. Wakirudi alimshika kiwiko upande asioona.

"Na makanika?" nikauliza. "Alijua?"

"Kaka yake alinyamaza kabisa. Ule makanika alivumbua mwenyewe, raundi ya pili. Iko na akili."

"Kwa nini ulikubali kupigana?"

"Kama ningekataa, wangeuliza sababu."

Nikamwambia Jumapili nitapanda sandukuni nitangaze kwamba nilikosea, nieleze habari ya jicho, niombe radhi mji mzima. Nilidhani atanishukuru. Mama yake akatupa kitambaa majini.

"Sikia, kaka," akasema bondia. "Kama unasema mi sioni, kapita atanifukuza kesho yake. Mutu ya jicho moja, nani atamuacha apande pa ubao na gunia? Kama unanyamaza, mi nabaki Kitanda. Bon. Kitanda iko na kazi."

"Na jina lako?"

"Jina uliisha kulichukua. Donc uniachie kazi."

Nikarudi mjini na ahadi ya kunyamaza. Niliiambia kamati kwamba sikuona kitu, nao wakaelewa wapendavyo, wakamfungia mwaka mzima. Watu sokoni walinipa jina zuri, Jicho la Mji. Walinikaribisha chai. Mchekeshaji aliigiza lile anguko kila alipotaka kunipendeza, viganja chini ya shavu, nami ilinibidi nicheke. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga kwa vipaza sauti viwili.

Meli ilifunga gati Jumanne na Ijumaa. Ijumaa ya kwanza nilimwomba baba ruhusa nikaenda kutazama ule ubao. Ulikuwa mbao mbili zilizounganishwa, bila kishikio, ukiyumba meli ilipopumua, na upande wa kushoto chini yake kulikuwa na mawe. Wapakizi walipanda kwa mbio ndogo, gunia kichwani. Yeye alipanda akiburuza mguu wa kushoto, akiutafuta ukingo kwa kidole cha mguu. Mara moja kidole kilikosa. Alijirudisha kwa nguvu za shingo tu. Kapita alikuwa akiwasha sigara, hakuona.

Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua. Nilipanda juu ya rundo la kamba, nikaweka viganja mdomoni, nikaanza kutangaza.

"Mabibi na mabwana, anapanda wa kwanza, gunia la maharage, kifua mbele! Anakuja wa pili, huyu amekula vizuri, ubao unalia! Na sasa Kitanda mwenyewe. Yuko katikati, katikati safi. Ah, anakwenda kushoto, anakwenda kushoto, ukingo huo! Amerudi. Amerudi katikati. Hatua nne za kumaliza. Tatu. Amefika."

Wapakizi walicheka, wakaenda kwa mdundo. Mara ya kwanza yeye alishuka na uso uliokufa, akapita karibu yangu, akatema mate. Alidhani nimekuja kumdhihaki hadi kazini. Mara ya pili nikasema tena kushoto, naye kwa ubishi hakusogea, akaukanyaga ukingo wenyewe. Mara ya tatu niliposema kushoto, alisogea kulia. Hakunitazama. Alipofika chini alipunguza mwendo kidogo tu, kisha akachukua gunia jingine.

Kapita alinijia, amekunja macho. "We mutoto ya fundi, nani anakutuma hapa?"

"Hakuna. Nafanya mazoezi ya sauti."

Hakuniamini, na alikuwa na haki. Lakini siku ile meli ilipakiwa mapema, akaniacha. Basi Jumanne na Ijumaa nikawa gatini, miezi mingi. Niliwatangaza wote ili nimtangaze mmoja. Watu walikuja kutazama, watoto wa shule, wake wa makarani, hata karani wangu wa karanga alikuja akaandika. Wote waliona mwendawazimu anayefanya magunia kuwa ndondi. Kumwita Kitanda ndilo jambo lililokuwa baya zaidi, lakini ningebadilisha wangeuliza, na yeye mwenyewe alinikataza.

Halafu barua ikaja. Kituo cha redio kilichokuwa kikianzishwa kusini mwa ziwa kilitafuta mtangazaji wa michezo wa Kiswahili. Waliandika kwamba wamesikiliza kanda ya yule mgeni, na kwamba kilichowavutia ni mahali pale ninaposema, mimi nina macho. Niliisoma barua ile nyuma ya cherehani ya baba, nikaona aibu. Nilifurahi pia. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana, na hilo ndilo jambo ninalolishuku kuliko yote katika nafsi yangu.

Nilimpelekea habari gatini. Akanisikiliza hadi mwisho, shingo imegeuzwa.

"Wende," akasema. "Ubao mi niliisha kuujua. Hata bila we."

"Kweli?"

"Kweli. Miguu iko inajua."

Nilitaka sana kuamini. Lakini mimi ni mimi. Ijumaa ya mwisho nilipanda juu ya kamba zangu kama kawaida, nikawatangaza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilipofika zamu yake, nikafunga mdomo.

Alipanda hatua mbili. Tatu. Meli ikapumua, ubao ukayumba. Akasimama. Wa nyuma yake wakasimama pia, magunia vichwani, wakauliza kuna nini. Alisimama pale juu, mikono imeshika gunia, mguu wa kushoto umeinuliwa kidogo na haujui pa kutua, kama wale mabondia wangu wa vumbini waliokuwa wakingoja niwape ngumi. Kapita akageuka kutazama.

"Sema," bondia akaniambia. Hakupaza sauti.

Nikasema. Katikati, katikati safi, hatua nne, tatu, amefika. Sauti ilinitetemeka na watu wakacheka wakidhani ni mbwembwe. Alipomaliza magunia yake alinijia, akanipa mkono, akauliza meli yangu ni saa ngapi. Hatukusema habari ya ubao. Jumanne nikasafiri.

Nimetangaza ndondi miaka mingi tangu hapo. Walionisikiliza wanajua kwamba sikuwahi kusema kwa nini mtu ameanguka. Nilisema ameanguka, upande gani, na refa amefika ngapi, basi. Wakubwa wangu walilalamika kwamba nimepoteza moto niliokuwa nao kwenye ile kanda. Habari za gatini nilizipata kwa wasafiri. Mmoja aliniambia mama wa bondia alihamishia kapu la samaki chini ya ubao na anapiga kelele za kuuza kila mwanawe anapopanda. Mwingine aliniambia jamaa aliacha mizigo, analima. Mwingine alisema hamjui mtu huyo. Sikumwamini hata mmoja, wala sikurudi kujionea. Mara moja tu maishani nilitembea kwa miguu hadi Nyamyumba kuhakikisha jambo, na nilikwenda kutafuta kosa lake.